Mtini Wetu wa Kando ya Ziwa

Hapa kwetu Uvira mtu akitaja mkuyu, kila mmoja anaujua. Huota wenyewe kando ya mito, ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Zakayo, yule mfupi wa Yeriko, alipanda mti wa namna hiyo apate kumwona Bwana. Lakini mtini wenyewe, ule wa tini tamu unaotajwa mara nyingi katika Injili, wengi wetu tuliusikia kanisani tu. Ndiyo sababu tulifurahi sana mwaka 2019, padri mmoja alipotupa kipande cha tawi, urefu wake shibiri moja, akasema: "Haya, wanangu, kapandeni."

Tuliupanda nyuma ya nyumba, si mbali na maji ya ziwa. Tulifukia sehemu kubwa ya kijiti, tukaacha macho mawili juu ya udongo. Baada ya majuma machache majani yakatokea, mapana kama kiganja. Tukajiona wakulima hodari.

Miaka mitatu ikapita. Mti ulipanda mpaka ukalipita paa la nyumba, majani tele, tunda hata moja hakuna. Mama yetu mzee akachoka. "Mti huu unakula nafasi ya mihogo," alisema. "Ukateni." Tukamkumbusha yule mtunza shamba wa Injili, aliyemwomba bwana wake auache mtini mwaka mmoja tena, aupalilie na kuutilia samadi. Mama, ambaye Injili anaijua kutushinda, akacheka: "Vema. Mwaka mmoja. Nitahesabu."

Basi tukaenda kumwuliza Sista mmoja mwenye mkono mzuri wa bustani. Alipokuja kuutazama alitikisa kichwa. Kumbe kosa letu lilikuwa wema uliozidi kiasi! Tulikuwa tukiutilia samadi ya mbuzi kila mwezi, na maji asubuhi na jioni. "Mti mnaoushibisha hivi," alisema, "unaota majani tu. Kwa nini ujisumbue kuzaa?" Akatufundisha kuacha samadi, kumwagilia mara moja kwa juma wakati wa kiangazi, kutandaza majani makavu shinani ili mchanga usikauke upesi, na kupunguza matawi mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, kwa sababu tini hutoka kwenye matawi mapya. Tena alituonya tunawe mikono baada ya kukata, maana utomvu wake mweupe ukipigwa na jua huunguza ngozi.

Tulifanya hivyo. Mwaka 2022, kabla ya Noeli, tulihesabu tini 11. Tuliufunika mti kwa vipande vya nyavu kuukuu za ndagala, ndege wasitutangulie. Tulijifunza pia kungoja, kwa kuwa tini ikichumwa mbichi haiivi tena nyumbani. Sharti ilegee yenyewe na kuinamisha shingo. Mama alikula ya kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mihogo inaweza kungoja.

Sasa yafuata tunayoona haya kuyaandika. Mwaka uliofuata matunda yalikuwa mengi, na tuliyopeleka sokoni yakanunuliwa upesi, maana hatukumwona mwingine mwenye tini. Mjane mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja akaomba: "Ndugu zangu, nipeni na mimi tawi moja, watoto wangu wapande." Tulimjibu kwamba mti ungali mchanga, arudi mwakani. Haikuwa kweli. Tulitaka tubaki peke yetu. Akaenda zake bila neno.

Mwezi wa Agosti, tulipokuwa tukipunguza matawi, akapita mzee mmoja akaaye Songo, juu mlimani. Naye akaomba. Tukaona aibu kumnyima mzee, tukamwambia ajichagulie katika takataka zilizokuwa chini, tulizotaka kuzichoma. Akaokota vijiti viwili vyembamba, akashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Mwaka 2024 ziwa likafurika. Tanganyika hupokea maji ya Ruzizi na ya mito mingi, lakini njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga ulio mbali kusini, huko Kalemie. Mvua ikizidi, maji hayana budi kupanda. Yalipanda hivyo mwaka 1964, na Aprili 2024 yakapanda tena mpaka ndani ya nyumba za pwani. Sisi tulihamia kwa ndugu. Wengine walipoteza nyumba zao kabisa, nasi hatuthubutu kulinganisha mti na nyumba ya mtu. Lakini maji yalisimama bustanini kwa majuma mengi, na mizizi ya mtini ikikaa majini haipumui. Majani yakawa manjano, yakapukutika. Tuliporudi, shina lilikuwa limeoza. Tulilisukuma kwa mkono likaanguka.

Agosti yule mzee akatujia. "Wanangu, nimesikia mti wenu umekufa. Njoni kwangu." Tukapanda naye mpaka Songo. Nyuma ya nyumba yake, mahali pa mawe matupu, ulisimama mtini mfupi, wenye afya, na tini tatu ndogo juu yake. Mzee hakuokota chini. Alilitazama kila tawi, akalichagua lililo bora, mojawapo ya yale yenye matunda, akalikata kwa panga. "Chukueni," alisema. "Ni mali yenu." Njiani tukishuka hakuna aliyesema kitu.

Baadaye tulisoma jambo lililotuzidishia haya. Mwaka 2006 wataalamu walitoa habari za tini kavu zilizochimbuliwa Gilgal, karibu na Yeriko ile ile ya Zakayo, zenye miaka zaidi ya 11,000. Waliona kwamba zilikuwa za aina isiyo na mbegu za kuota, wakafikiri kwamba watu wa kale waliupanda mti huo kwa kukata matawi. Mkuyu una nyigu wake mdogo wa kuuzalisha na ndege wa kuutawanya. Mtini wa bustani kama wetu huzaa bila nyigu, lakini hauna wa kuutawanya ila mkono wa mtu. Anayenyima tawi anaukatia mti wake uzao. Sisi tuliudhani ni wetu, na uliobaki ni ule tuliokuwa tayari kuuchoma.

Tawi la mzee tulilikata vipande vinne. Kimoja tulikipanda kwetu, juu ya tuta refu, mbali zaidi na maji. Cha pili, kilicho kinene, tulimpelekea yule mjane, tukamwambia ukweli wote, hata ule uwongo wa mwaka ule. Alikipokea, akakiangalia sana, kisha akauliza: "Nitie samadi kiasi gani?" Tukamjibu: "Kidogo sana, dada. Kidogo sana."

Vipande viwili vilivyobaki tuliwapa wawili waliokuwa wa kwanza kuomba.