Chakula cha Mwanamke wa Makamo

Watu husema kuwa mwanamke akifika makamo huwa mchaguzi wa chakula. Husemwa kwa kicheko, na mara nyingine kwa lawama, kana kwamba kuchagua ni kiburi kilichochelewa kuja. Mimi ni mkazi wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na umri wangu umekwisha kuvuka miaka 50. Chakula chetu hubadilika, ni kweli. Lakini kiburi hakimo.

Katika ujana wake mwanamke wa mtaa huu haulizwi apenda nini. Usiku hukanda unga wa mahamri, alfajiri huyakaanga na kupasha moto mbaazi za nazi, na jua halijafika utosini wali uko jikoni. Yeye hula mwisho. Hula ukoko uliobaki chunguni na kipande alichokiacha mtoto, pengine akiwa amesimama, maana chakula hakitupwi. Ulaji wake hupimwa kwa chungu, haupimwi kwa njaa yake. Desturi hii hudumu hata watoto wakisha kuhama. Mkono uliozoea kupima mchele wa watu wanane huona haya kupima wa watu wawili.

Wakati huo huo mwili hubadili masharti yake. Kwa wanawake walio wengi siku za mwezi hukoma baina ya miaka 45 na 55. Homoni iitwayo estrojeni hupungua, na kwa kuwa ilikuwa mlinzi wa mifupa, mifupa huanza kudhoofika upesi. Misuli nayo hupungua, na mwili wenye misuli michache huhitaji chakula kidogo. Mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani huhamia tumboni. Mahamri matatu yaliyokuwa nguvu ya kazi jana yaweza kuwa mzigo leo.

Liko badiliko jingine ambalo halisemwi sana mbele ya vijana. Katika miaka ya uzazi mwanamke Mwislamu huacha kufunga siku zake za mwezi, akazilipa baadaye, moja moja, wenziwe wakila. Siku hizo zikisha kukoma, aweza kuifunga Ramadhani yote, siku 29 au 30, bila ya deni. Wanawake wa rika langu huitaja habari hii kwa furaha kubwa. Walakini futari yetu ni mtihani: kaimati zilizochovywa katika shira, tambi za sukari, muhogo wa nazi, na chai tamu juu yake.

Hata hivyo, kuacha sukari si jambo gumu kuliko yote. Gumu ni sinia. Arusini na matangani wanawake wanne au watano huzunguka sinia moja la pilau, na mikono hukutana humo. Anayeomba sahani ya peke yake huulizwa ana maradhi gani, au hudhaniwa amewadharau wenziwe. Jirani yangu mmoja aliambiwa na daktari kuwa ana kisukari. Wiki ile zilikuwako arusi tatu, naye akala katika zote tatu, si kwa tamaa, bali kwa kuogopa swali. Aliendelea hivyo miaka mingi, hata kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona, akakatwa vidole viwili.

Na dawa ya mambo haya haiko mbali na milango yetu. Pale Marikiti huuzwa mchicha, kisamvu, bamia, kunde na choroko. Huuzwa simsim na dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao na kuijenga yetu. Mbaazi zenyewe ni chakula chema. Kinachozilemea ni wingi wa tui la kasimile, na tui jepesi la mkamuo wa pili huzitosha. Sioni sababu ya kuacha upishi wa mama zetu kwa ajili ya afya.

Katika arusi moja ya karibuni wapishi, ambao wote ni watu wazima kama mimi, waliandaa sinia kwa namna mpya: wali kidogo pembeni, samaki wa kupaka katikati, na mchicha mwingi ukiwazunguka. Hakuna aliyeomba sahani ya peke yake. Msichana mmoja aliyeketi nasi alianza na mchicha, akauliza umetiwa nini.