Kwa Mpwa Wangu Aliyekabidhiwa Raki

Kasulu, Jumapili jioni

Mpwa wangu Bukuru,

Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi la Kibondo, pamoja na asali. Mwambie mama yako dumu limefika, ila halikufika likiwa limejaa, na mimi sikuwemo ndani ya basi.

Unasema umekabidhiwa mtandao wa ofisi nzima, na aliyekutangulia ameondoka bila kuacha hata karatasi moja. Unasema pia kwamba kitabu cha swichi kina maneno mengi kuliko uliyofundishwa chuoni. Usiyakariri. Shika hili tu: swichi kubwa haisubiri amri yako. Lile ambalo hukuiambia inajiamulia yenyewe, na uamuzi wake utaujua siku mtandao umelala.

Miaka ile mji huu ulipokuwa bado unaishi kwa jenereta, kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2022, niliitwa kwenye ofisi moja ambako hakuna kilichokuwa kinafanya kazi. Nikafungua raki. Taa za poti zote zilikuwa zinapepesa kwa mpigo mmoja, upesi upesi, ilhali siku nyingine kila taa hupepesa kwa wakati wake. Nilipoteza saa mbili nikiilaumu seva. Kumbe kwenye chumba cha mikutano mtu wa usafi ameikuta kebo inaning'inia, akaihurumia, akaichomeka. Ncha zake zote mbili zikawa ukutani.

Hiyo ndiyo lupu. Swichi hujifunza kwa kusoma anwani ya MAC ya mtumaji: huyu yuko poti ya 7, yule yuko ya 12. Fremu inayokwenda kwa mtu isiyemjua inaimwaga kwenye poti zote, isipokuwa ile ilikotokea, na tangazo la wote hulimwaga vivyo hivyo. Penye lupu, lililotokea huku linarudi kupitia kule na kumwagwa upya. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila inapovuka ruta, na ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etherneti haina hesabu hiyo. Itazunguka mpaka uchomoe kebo.

Dawa yake aliitunga mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC. Akaitungia na shairi. Mafundi wa siku hizi hata ripoti inatushinda. Kwa utaratibu wake, unaoitwa STP, swichi zinachagua mmoja wao awe mzizi, kila moja inatafuta njia fupi ya kumfikia, na njia ya ziada inafungwa mpaka itakapohitajika. Sasa sikiliza. Mzizi ni yule mwenye namba ndogo, lakini kiwandani zinatoka na namba ileile, 32768. Zikilingana, anashinda mwenye MAC ndogo, na huyo mara nyingi ni kikongwe kilichosahaulika kikiwa kimechomekwa stoo karibu na jiko la chai. Sisi watu wa Heru, milki ya zamani ya Waha, hatuwezi kukubali mwami, yaani mfalme, apatikane namna hiyo. Ipe swichi yako kuu 4096. Poti za mezani nazo ziwekee kinga, zijifunge zenyewe mtu akichomeka swichi yake inayotumia STP. Kwenye ile ofisi STP ilikuwepo. Fundi mmoja aliizima kwa makusudi, eti kompyuta zinachelewa kushika mtandao.

VLAN utaielewa haraka: swichi moja, mitandao mingi isiyoonana. Fremu inabandikwa alama ya baiti 4 yenye namba, 1 hadi 4094, na poti ya trank inayounganisha swichi mbili hubeba alama hizo. Uhasibu ipe 10, kamera 20, wageni 30. Ila swichi yako pia inafanya kazi ya ruta. Ukishaipa anwani ya IP kwenye kila VLAN na kuiruhusu ielekeze, inamwelekeza kila mtu kwa kila mtu. Mgeni aliyekaa mapokezi anasubiri kuhudumiwa anaweza kubisha hodi kwenye kompyuta ya mhasibu. Andika kanuni za kumkataa siku hiyohiyo, usiseme kesho.

Umeme wa kupita kwenye kebo upigie hesabu. Swichi ya poti 24 yenye wati 370 inatosha ukigawa wati 15.4 kila poti. Ukileta vifaa vya wati 30, vinashiba 12 tu, cha 13 kinabaki giza nawe unaanza kulaumu kebo.

Na radi, mwanangu. Unazijua radi za kwenu kuanzia Novemba. Kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba, hata kama umbali haufiki mita 100 zinazoruhusiwa. Vuta faiba, kioo hakipitishi umeme. Nimeshafungua swichi iliyopigwa kupitia waya wa nje: poti nane nyeusi, na harufu yake ilikaa chumbani wiki nzima.

La mwisho linaniuma mimi mwenyewe. Siku moja nilipanga VLAN zote tangu asubuhi, saa kumi na moja jioni umeme ukakatika. Mipangilio ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda. Sikuwa nimetoa amri ya kuihifadhi. Swichi ikaamka kama mtoto mchanga.

Kwa hiyo Jumatatu usiguse kitu. Fuata kila kebo kwa mkono mpaka mwisho wake, andika kwenye karatasi poti na inakokwenda, hifadhi mipangilio uliyoikuta, kisha nipigie picha karatasi hiyo unitumie kabla hujabadilisha hata namba moja.

Mjomba wako