Chama Kinapohama Lengo Lake

Chama hakihami lengo lake kwa siku moja. Huhama kidogo kidogo, tena mara nyingi kwa sababu njema, hata wanachama wenyewe wasitambue kuwa wamekwisha kufika pengine.

Mfano tunao katika historia ya lugha yetu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule. Mwaka 1952 makao yake yalihamishiwa Makerere, hapa Uganda, na uchunguzi wa lugha ukazidi kupata nafasi. Mwaka 1964 kazi hiyo ilirithiwa na chuo cha uchunguzi huko Dar es Salaam, ambacho leo ni TATAKI. Mkaguzi wa vitabu akawa mtafiti. Kuhama huko hatukulaumu, maana lugha ilibaki kuwa ndiyo shughuli yenyewe.

Kisa cha chama chetu cha walimu wilayani ni kingine. Tulikianzisha ili tusomeane insha za wanafunzi, tusahihishane ngeli na kuazimana vitabu. Siku moja mwenzetu alifiwa na mkewe, akakosa nauli ya kumsafirisha marehemu. Tukachanga. Nani angekataa? Baadaye tukaunda mfuko wa mazishi, kisha mikopo ya karo, kisha riba, kisha kamati ya kudai madeni. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi kibaba chetu kilijaa hata pasibaki pa kutia Kiswahili.

Katika mkutano wa mwisho wa mwaka jana, mwalimu mmoja kijana aliinua mkono kuuliza namna ya kufundisha upatanisho wa kisarufi kwa watoto wasioisikia lugha hii nyumbani. Sisi tuliokalia kiti tulimwambia angoje "mengineyo". Tulipofika hapo jua lilikwisha kutua, tukafunga kwa sala. Kijana yule hakurudi tena.

Hatuna wa kumlaumu. Waliopendekeza mfuko ule ni sisi tunaoandika maneno haya.

Hatusemi mfuko uvunjwe, kwani msiba haubishi hodi. Twasema uwe na siku yake na daftari lake, na mkutano wa walimu wa Kiswahili ufunguliwe kwa swali la darasani kabla ya hesabu yoyote. Kijana yule tumemwandikia barua. Swali lake tumeliweka la kwanza.