Take in, take up, let out

Wateja wangu wengi hapa Mji Mkongwe ni wageni, na Kiingereza cha skuli hakikufika kwenye cherehani. Mgeni akisema "take in", anataka gauni libanwe ubavuni. "Take up" ni kupandisha pindo. "Let out" ni kuachia mshono, "let down" ni kuteremsha pindo. Vitenzi ni viwili tu, kazi yote imebebwa na kale kaneno ka nyuma. Sisi hugeuza kitenzi chenyewe: shona, shonea, shonesha, kunja, kunjua. Wao hukiacha kilivyo wakakitia mkia. Na "it" lazima ikae katikati: "take it in", si "take in it".

Halafu "let down" kwa mtu ni kumvunja moyo, pindo halimo kabisa!

Mshono uliobanwa hufumuliwa. Gauni la harusi likishakatwa pindo, halirudi. Kwa hiyo kabla sijashika mkasi humvalisha mteja, nikatia pini, nikamsimamisha mbele ya kioo: "Like this?" Akiitikia, ndipo nakata.