Barua kutoka Reading: Kabla meno hayajachongwa

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi,

 

Binti wa kaka yangu aliyeko Mikumi, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya barabara ya Iringa, ameniuliza jambo ambalo naona lina faida kwa vijana wengi. Ameona mtandaoni kliniki ya Dar inayotangaza tabasamu jipya kwa siku moja, na akiba anayo. Anauliza: shangazi, daktari mzuri wa urembo wa meno nitamjuaje?

Mwanangu, ubingwa wa jina hilo haupo. Hapa Uingereza baraza la madaktari wa meno, General Dental Council, linatambua fani 13 za ubingwa. Kunyoosha meno imo, magonjwa ya fizi yamo, urembo haumo. Marekani ni vivyo hivyo. Kwa hiyo bango lenye neno urembo halikuambii lolote kuhusu ujuzi wa aliyelitundika. Anza na usajili: huko nyumbani ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumwuliza mtu jina lake kamili na leseni yake si utovu wa adabu. Akikasirika, ondoka. Saluni zinazong'arisha meno baada ya kusuka nywele usizikaribie kabisa. Huku kung'arisha meno ni kazi ya tabibu wa meno kwa mujibu wa sheria, Mahakama Kuu ilithibitisha hivyo mwaka 2013, na dawa yenyewe haitakiwi kuzidi asilimia 6 ya haidrojeni peroksaidi. Ikiwa kali kupita kiasi au ikipakwa ovyo, inaunguza fizi.

Sasa hilo la siku moja ndilo linalonitisha. Vijana wa huku hupanda ndege kwenda Uturuki kwa ahadi za namna hiyo. Wengi wanadhani wanakwenda kubandikwa vinia, yaani kigae chembamba cha kauri mbele ya jino, ambacho mara nyingi huhitaji kukwangua chini ya milimita moja. Wengine hujikuta wamevikwa kofia, yaani ganda la bandia linalofunika jino zima, na ili kofia ikae, jino zima huchongwa pande zote mpaka likabaki kijiti. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimeonya mara nyingi juu ya hilo. Tabaka gumu la nje la jino likishaondolewa halioti tena, na kofia haidumu maisha. Aliyechongwa akiwa na miaka 22 atarudia gharama hiyo zaidi ya mara moja kabla ya uzee. Kwa hiyo muulize: utaondoa kiasi gani cha jino langu, na kwa nini njia ndogo zaidi haitoshi?

Daktari makini nimemwona kazini, mgonjwa akiwa rafiki yangu niliyemsindikiza. Kwanza alipima fizi na kupiga eksirei, akaziba jino lililooza, akamwambia arudi fizi zikiacha kutoka damu. Siku ya kuchagua rangi alimfutisha rangi ya midomo, akamsogeza dirishani, akashika ukanda wenye vijino 16 vya rangi mbalimbali na kuvilinganisha kimoja kimoja. Alifanya haraka, kabla mdomo haujakauka, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kisha akamwekea umbo la majaribio juu ya meno yake yaleyale, bila kuchonga, ajitazame kwenye kioo. Rafiki yangu akasema ni marefu mno. Yakapunguzwa. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Na mwanya wako, tafadhali. Baadhi ya madaktari wa huku wakiuona tu wanataka kuuziba. Bibi yako alisifiwa kwa mwanya Kilosa nzima. Anayekwambia ni kasoro kabla hujalalamika, huyo anakuuzia kitu.

Wale wenzako wanaoongoza watalii, waliokulia Arusha na Meru, wana jambo lao. Madoa ya kahawia yametokana na floraidi nyingi ya maji waliyokunywa utotoni, wakati jino lilikuwa bado linajijenga. Mkaa, majivu na limau haviyaondoi; vinakwangua na kuliunguza jino tu. Madoa hafifu daktari huweza kuyapunguza kwa kusugua tabaka jembamba sana au kung'arisha, bila kofia. Wasione aibu kutabasamu wakati wakitafuta tiba.

Lililobaki ni umbali. Mikumi hadi Dar ni karibu kilomita 300. Kigae kikibanduka Ijumaa jioni hoteli ikiwa imejaa wageni, nani atakigandisha, na kwa bei ya nani? Hilo lipatiwe jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Kwa hiyo anza na kitengo cha kinywa na meno hospitali ya wilaya Kilosa, ukaguliwe na kusafishwa ugaga. Huenda ukishasafishwa hutataka kitu kingine. Ukiwa bado unataka, uliza rufaa ya Morogoro au Muhimbili upate ushauri wa pili, ndipo uiulize kliniki hiyo ya Dar maswali haya. Makadirio ya gharama nitumie mimi na baba yako, tuone tutakuchangia kiasi gani. Amana usilipe kwanza.



Shangazi yako