Kukausha nguo wakati wa mvua

Wamama wenzetu, mvua imeshika na kamba zetu zimejaa nguo ambazo hazikauki. Mkutano wa kundi siku hizi unaanza na maneno yaleyale: nepi zinanuka unyevu, watoto wanaenda shule kola ya shati ikiwa bado mbichi, na wale kati yetu wanaofua nguo za watu kwa malipo wanarudisha kazi siku ya nne badala ya siku ya pili. Mwenye nguo hapendi kungoja, na hela ya unga haingoji pia. Kwa hiyo tumekaa pamoja, tukakusanya yale ambayo kila mmoja anafanya nyumbani kwake, na tumejibu vilevile mama wawili walioleta maulizo juu ya mashine zao za umeme za kukausha nguo.

Tuanze na ngozi ya watoto, maana hiyo inatusumbua kuliko harufu.

Kila mwaka maembe yakianza kuiva, watoto wanatoka majipu, na wazee wanasema ni maembe. Lakini mwaka jana, mwezi wa kwanza, mtoto mchanga wa mmoja wetu alitoka vijipu saba kiunoni, palepale nepi inapofungwa. Mtoto huyo alikuwa ananyonya tu, hajaonja embe hata moja. Bibi yake alitaka kuyakamua, mama akakataa, wakaenda dispensari. Muuguzi alituonyesha tundu dogo katikati ya kila jipu, likitoa majimaji, na ukitazama bila haraka unaona kitu kinachezacheza ndani. Ni funza wa inzi. Wanaosema Kifaransa wanamwita ver de Cayor, kwa jina la nchi moja ya Senegali, lakini inzi huyo yuko karibu Afrika yote ya joto, na hapa kwetu anatujua vizuri.

Inzi mwenyewe ni mkubwa kidogo, rangi yake kama ya manjano iliyochanganyika na udongo, na hapendi jua kali. Anatafuta kivuli na unyevu: mchanga ulionuka mkojo chini ya mti, au nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, au iliyotandazwa kwenye majani. Hapo anataga mayai mamia. Baada ya siku moja hadi tatu mayai yanapasuka, na vifunza vidogo ambavyo jicho halivioni vinakaa kwenye kitambaa vikingoja joto la mwili. Vinaweza kungoja hata wiki mbili. Mtoto anavaa, joto linavifikia, vinaingia ngozini bila yeye kusikia kitu. Vinakaa mle siku nane hadi kumi na mbili vikinenepa, kisha vinatoka na kuanguka chini ili viwe inzi. Maembe hayana kosa. Yanaiva tu wakati uleule ambao nguo zetu hazipati jua.

Kwa hiyo, mama akiona jipu lenye tundu asilikamue kwa nguvu. Funza akipasukia ndani, kidonda kinavimba na kuoza. Muuguzi alipaka Vaseline nyingi juu ya kila tundu, funza wakakosa hewa, wakasogea juu wenyewe, akawatoa taratibu mmoja mmoja akaosha na dawa. Ilichukua asubuhi nzima na mtoto alilia, lakini wiki iliyofuata ngozi ilikuwa imefunga.

Dawa ya nyumbani ni moto wa pasi. Na hapa tunasema bila kuzunguka: wakati wa mvua, kupiga pasi si urembo. Shati la baba likikunjamana ofisini si msiba. Nepi, chupi, soksi, fulana za ndani, shuka na taulo za mtoto ndizo za kupigwa pasi kwanza, pande mbili, ya moto, na kwenye mishono na pale penye mpira pasi ikae kidogo zaidi, maana huko ndiko mayai yanajificha. Ile haraka ya kupitisha pasi upande mmoja na kukunja haisaidii kitu. Nguo zisizopenda pasi, kama sweta za sufu, blanketi na sidiria, zikaushwe ndani ya nyumba mahali penye hewa, au kama zilianikwa nje kivulini zikunjwe na kuwekwa wiki mbili kamili kabla ya kuvaliwa. Inahitaji mtoto awe na sweta mbili. Tunajua si kila nyumba inaweza.

Wengi wetu bado tuna pasi ya makala, na mama anayefua kwa malipo hawezi kuiacha, maana umeme ukienda kazi inaendelea. Pasi hii inaishi miaka mingi ikitunzwa. Majivu yamwagwe kila baada ya kazi, yasilale ndani, kwa sababu yanavuta unyevu na chuma kinakula kutu. Matundu ya pembeni yazibuliwe kwa msumari au kijiti, la sivyo makala yanazimika katikati ya kazi na mama anabaki kupepea. Tumia makala magumu ya mti mzito, yaliyokwisha kuwaka mekundu na kuacha moshi. Ya mti mwepesi yanarusha cheche na majivu, na shati jeupe la mtu linaharibika. Pepea pasi nje, mbali na nguo. Chini ya pasi pakianza kushikashika, sugua ikiwa moto kwenye chumvi iliyotandazwa juu ya gazeti, halafu pitisha kipande cha mshumaa kilichofungwa katika kitambaa kikuukuu, upanguse vizuri. Wengine wanatumia jani bichi la mgomba, nalo ni zuri na halina gharama. Bawaba ya kifuniko ikilegea usisubiri: kifuniko kikifunguka, makala yanaanguka juu ya miguu, na mara nyingi kuna mtoto anayetambaa karibu.

Sasa kamba. Ikae juani na penye upepo, si chini ya mwembe, hata kama mti unatusaidia kukwepa manyunyu. Upepo unakausha kuliko tunavyodhani. Nguo zikibanana hewa haipiti, na nguo kumi zilizoachana zinakauka kabla ya ishirini zilizosongamana. Suruali ianikwe kwa kiuno, mifuko nje. Shuka likamuliwe na watu wawili, kila mmoja ashike pembe zake na kusokota upande wake, na ukilikung'uta mara tatu kabla ya kulianika umeshapunguza saa nzima. Pangusa kamba kwanza. Wakati wa kiangazi tunapangusa vumbi na majivu ya pori linalochomwa. Wakati wa mvua tunapangusa kutu, kama ni waya. Pense za mbao zikianza kuwa nyeusi zianikwe juani siku moja au zitupwe, maana weusi huo ni ukungu na hautoki kwenye kitambaa cheupe.

Kuhusu waya tunaomba mtusikilize vizuri. Kuna parseli ambapo waya wa chuma wa kuanikia umefungwa upande mmoja kwenye bati la nyumba na upande mwingine kwenye nguzo, na waya wa umeme unaoingia ndani unapita juu ya bati hilohilo. Plastiki ya waya wa umeme ikichubuka, bati linashika umeme, waya wa nguo nao unashika. Mama anakuja na nguo mbichi mkononi, miguu iko kwenye tope. Hasikii onyo lolote. Kamba ya nailoni haigharimu sana. Ifungwe kwenye miti miwili iliyochimbiwa ardhini, mbali na nyumba. Ukigusa bati au bomba ukasikia kama chungu wanakutembea kwenye vidole, usianike hapo tena, wala usimtume mtoto, mpaka fundi wa umeme apite.

Na usiku wa mvua, mbabula ndani ya chumba cha kulala ili nepi zikauke hadi asubuhi: hapana. Makala yanayowaka yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo inachukua nafasi ya hewa nzuri katika damu. Waliolala hawaamki kukohoa, wanaendelea kulala tu. Kuzuia moshi si kuizuia hewa hiyo, kwa sababu makala mekundu yasiyo na moshi wowote ndiyo watu wanaingiza ndani wakidhani ni salama. Kausha nepi jikoni kwenye banda lililo wazi, jioni, mkiwa macho, na mbabula ibaki nje mnapofunga mlango.

Tuje kwenye mashine. Sisi wa Koni tunazungukwa na umeme: kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930, chetu cha Koni kikafuata mwaka 1950, vyote juu ya maji ya Lufira, na nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu kuelekea migodini na viwandani. Lakini umeme unaofika ndani ya nyumba ni jambo jingine. Waya ni za zamani, nyumba nyingi zinakaa kwenye waya mmoja, na jioni kila mtu akiwasha jiko, nguvu inashuka.

Mama wa kwanza anasema mashine yake inazunguka lakini nguo zinatoka na uvuguvugu tu. Kabla ya kumwita fundi na kununua kipande kipya, apime umeme wa prizi wakati huo wa jioni. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipata 160, chuma chake cha kupasha joto kinatoa karibu nusu tu ya moto wake. Hakuna kilichoharibika. Aitumie saa za mchana au usiku sana, ataona tofauti. Kama umeme ni mzuri na joto bado hakuna, atazame kichungi cha nyuzi. Ni kile chandarua kidogo mlangoni au juu ya mashine kinachokusanya manyoya ya nguo. Kinasafishwa kila baada ya kukausha, si kila wiki. Kikiziba, hewa ya moto haitoki, mashine inajipasha kupita kiasi na fizibli ya joto inakatika ili nyumba isiungue. Fundi asiye mwangalifu anabadilisha fizibli tu, anachukua hela yake, na baada ya siku chache inakatika tena, kwa sababu bomba la nyuma bado limejaa nyuzi. Lifunguliwe lote, lisuguliwe ndani. Fundi akisema ataunganisha waya moja kwa moja bila fizibli, mwondoeni kwa heshima. Nyuzi hizo zinawaka kama pamba. Huko Marekani, ambako mashine hizi ziko karibu kila nyumba, watu wa zimamoto wanahesabu kutosafisha kuwa sababu ya kwanza ya mashine hizi kushika moto.

Mama wa pili: mashine inanguruma na haizunguki. Achomoe waya kwanza, kisha azungushe pipa kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi wa ajabu, mkanda umekatika, na mkanda si ghali ukiupata Likasi au Lubumbashi. Likiwa zito kama kawaida na mota inanguruma tu, mara nyingi ni kondensateri inayoisukuma kuanza. Asiendelee kuiwasha na kujaribu, kwa sababu mota itaungua, na mota ndiyo nusu ya bei ya mashine.

Kwa wote wawili, na kwa mwingine anayefikiria kununua ya mkono wa pili: soma kibati cha nyuma kabla ya kutoa franka. Kiseme volti 220 hadi 240 na hetsi 50. Ya Marekani imetengenezwa kwa hetsi 60 na itateseka hapa. Mashine ya wati 2,500 inakula zaidi ya ampea 11, kwa hiyo iwe na prizi yake yenyewe na waya mnene. Ralonji nyembamba ile ya redio inayeyuka. Stabilizateri ndogo ya televisheni haitoshi, itaungua kwanza. Umeme ukikatika, chomoa, ungoje dakika kumi baada ya kurudi, maana unaporudi ndipo unaporuka. Na bomba la hewa litolewe nje ya dirisha, la sivyo maji yote ya nguo yanahamia ukutani na chumba kinaota ukungu.

Kwa maoni yetu, kwa nyumba nyingi za hapa kamba nzuri na pasi nzuri bado zinashinda. Mashine inafaa pale ambapo mama anafua kwa malipo na amehesabu umeme ndani ya bei yake; wachache wanahesabu.

Jumamosi hii baada ya chakula cha mchana tunakutana mahali pa kawaida kutengeneza pasi za makala. Mmoja wetu ana koleo na misumari ya bawaba. Mwenye pasi iliyolegea ailete ikiwa imemwagwa majivu, na aje na makala yake.