Pikipiki ya Maalim: Safari Yetu ya Bute

Atokaye Mombasa kwenda Bute huona ardhi ikibadilika mbele ya macho yake. Minazi hubaki nyuma, mashamba hupungua, na vichaka vya miiba huchukua nafasi yake. Tulipita Garsen na Hola, tukavuka daraja la Mto Tana kuingia Garissa, mji uliokuwa makao ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kisha Modogashe, Habaswein na Wajir. Kutoka Wajir tulishika njia ya kaskazini, kuuelekea mpaka wa Ethiopia. Huko ndiko iliko Bute, mahali penye mwinuko na mvua zaidi kuliko sehemu nyingi za Wajir, na ambapo Kisomali na Kiborana husikika katika duka moja.

Tulikuwa tumealikwa kusikiliza hifdhi ya watoto. Chuo cha Qur'ani, wenyeji hukiita dugsi, na mwalimu wake humwita Maalim. Watoto huandika aya juu ya mbao kwa wino, wakisha kuzihifadhi huziosha na kuandika nyingine, kama walivyofanya wazee wetu wa Lamu na Siyu. Mwenyeji wetu, Maalim wa dugsi hiyo, alikuwa na darasa la pili katika makazi ya wafugaji, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mvua zikinyesha, laga, yaani mto mkavu wa mchanga, hujaa maji, na njia iliyobaki ni ya kuzunguka vilimani. Kwa sababu hiyo aliazimia kununua pikipiki iliyotumika.

Fedha hazikuwa zake. Mkewe alikuwa ameuza mbuzi 14 aliorithi kwa marehemu babake. Dini yetu imemwachia mke mali yake. Mume hana haki ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Mama yule aliridhia, lakini kwa sharti moja: pikipiki isinunuliwe kabla yeye mwenyewe hajaiuliza maswali.

Zilikuwapo mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa Yamaha DT 125, pikipiki ndefu ya njia mbaya, yenye matairi ya meno na shoki zinazozama sana, aina ambayo kwa miaka mingi maafisa wa nyanjani wameitumia. Ya pili ilikuwa Boxer, ile ya bodaboda ambayo kila msomaji anaijua. Jioni ya kwanza tuliitazama ile ndefu iking'aa kwa rangi mpya, injini ikakubali kwa kiki moja, nasi tukasema mbele ya watu, “Maalim, hii ndiyo.” Vijana wakashangilia. Ulimi wetu ulikuwa umetangulia akili.

Usiku hatukulala vizuri. Tulikumbuka kwamba mkono wetu ulipogusa injini ile, ilikuwa ya moto tayari kabla ya kuwashwa mbele yetu. Mwenye chombo alikuwa ameipasha moto kabla hatujafika. Injini iliyochoka, ambayo pete za pistoni zimelika, mara nyingi huwaka kwa urahisi ikiwa moto na kukataa ikiwa baridi. Wala moshi usingetusaidia kuamua, kwa kuwa injini ya aina ile huunguza oili pamoja na petroli, na moshi kwake ni kawaida.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamefundisha kwamba kuitaja aibu ya bidhaa si wajibu wa muuzaji peke yake. Hata mtu wa kando akiijua humlazimu kumwambia mnunuzi. Nasi hatukuwa watu wa kando, tulikuwa tumeisifu. Baada ya sala ya Alfajiri tulimwambia Maalim tuliyoyahofia, tukamwomba mwenye pikipiki asiiwashe mpaka tufike. Tuliikuta baridi. Kijana mwenye nguvu alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, isiwake. Tulipoinama chini ya tangi tuliona pia rangi mpya ikifunika mshono wa kuchomelea, pale fremu inaposhikana na shingo ya usukani. Palepale, mbele ya watu walewale wa jana, tulisema kwamba tulikosea. Ilituuma, lakini ingetuuma zaidi kuona mbuzi wa yule mama wakipotelea katika chuma kibovu.

Yule mama akauliza swali lake kutoka mlangoni: “Sheikh, ikiharibika kule ng'ambo ya laga, kipuri chake kinapatikana wapi?” Tukageuka kwa fundi wa mjini, naye akajibu kwamba cha ndefu huagizwa Nairobi, na cha Boxer kipo dukani kwake. Swali lile fupi lilizidi uchunguzi wetu wote wa jioni ile.

Mwenye Boxer alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema bila kuulizwa kwamba shoki za mbele zinavuja oili na gia ya pili huruka ikipanda mlima. Fundi aliinua gurudumu la mbele, akausukuma na kuuvuta usukani asikie kama beringi zimelegea. Akagonga spoki moja moja, akatazama meno ya sproketi kama yamechongoka, akachomoa kijiti cha oili kuona kama ina chembe za chuma. Hakupata aibu nyingine. Bei ikashuka kwa kadiri ya aibu zilizotajwa.

Hapo tulimkumbuka Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na umajimaji, akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyolowa mahali ambapo watu hawaioni. Rangi mpya juu ya ufa wa fremu ni nafaka ileile.

Fedha hazikutolewa siku ile. Nambari za injini na fremu zililinganishwa na logibuku, na jina la mwenye chombo likatafutwa katika mtandao wa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Umiliki ulipohamishwa na bima kulipwa, ndipo bei ikakabidhiwa. Jina lililoandikwa lilikuwa la yule mama, kwa pendekezo la Maalim mwenyewe.

Kabla ya kuondoka tulitoa wasia mmoja kwa akina mama, nasi tunaurudia kwa wasomaji wetu. Buibui na dira ni sitara, lakini upindo wake ukinaswa na mnyororo au spoki humwangusha aliyepakiwa. Hakikisheni kifuniko cha mnyororo kipo, kusanyeni nguo kabla ya kuondoka, na kila mmoja avae helmeti, hata kama safari ni ya sokoni tu.

Maalim ametuletea salamu tangu hapo. Shoki zimetengenezwa, gia ya pili bado huruka, naye hushuka akaisukuma pikipiki mlimani. Darasa la ng'ambo ya laga sasa hukutana mara tatu kwa wiki, na katika wanafunzi wake wamo wasichana ambao awali walikuwa wakisubiri mwalimu asiyefika.

Mwenyezi Mungu ambariki yule mama katika mali yake, na atujaalie sote ndimi zisizotangulia macho. Amin.